Ziwa Likifungwa, Jiko Lisifungwe



Leo sileti kipimo cha mbolea wala ratiba ya palizi. Leo natoa maoni yangu, na najua wapo watakaonuna. Naona sisi watu wa mwambao wa Kigoma tumeliegemea ziwa mpaka tumesahau uwanja wa nyuma ya nyumba.

Mnaukumbuka mwaka 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, na mimi naliunga mkono. Lakini katika mizunguko yangu nilikutana na swali moja kila nilipofika: "Bwana shamba, sasa tutakula nini?" Mama mmoja aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni kwake. Nyuma yake kulikuwa na matembele yaliyojiotea penye maji ya kuogea, na kuku watano waliokuwa wakilala juu ya mwembe. Sikumjibu siku ile. Haya ndiyo majibu yangu.

Kwanza, tusijidanganye kwamba shida ilianza na kufungwa kwa ziwa. Kila mwezi, mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa kwenye mwanga ule. Dagaa wanaadimika, fungu linapungua, bei inabaki palepale au inapanda. Jiko lisilo na akiba yake linatikisika kila mwezi, tangu enzi za babu zetu. Miezi mitatu ile ilituonyesha tu kile ambacho tulikuwa hatutaki kukitazama.

Pili, angalia kalenda vizuri. Katikati ya Mei ndipo mvua zinapokatika kwetu. Hapo kiangazi kinaanza, mboga za bondeni zinapungua, na upepo wa kiangazi mara nyingi huja na mdondo wa kuku, ambao wengine huuita kideri. Mambo matatu yanakuja kwa pamoja: samaki hakuna, mboga ghali, kuku wanakufa. Kwa hiyo anayeanza kujipanga mwezi Juni amechelewa. Kazi ni ya Machi na Aprili.

Sasa tupige hesabu ndogo. Tuseme unanunua mboga ya shilingi 500 kila siku. Kwa siku 90 ni shilingi 45,000. Ongeza nyanya na kitunguu cha kukopa dukani. Mwenye duka anaandika kwenye daftari, nawe unalipa kwa muhogo ambao bado uko ardhini. Hapo ndipo umaskini unapoingilia. Watu wengi hawafilisiwi na msiba mkubwa. Wanafilisiwa na mia tano mia tano.

Bustani ninayoisema haihitaji mkopo wala pampu. Anza na vitanda viwili tu, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kimoja weka matembele, maana vipando unaomba kwa jirani bure na yanavumilia. Kingine sia mchicha nusu, na baada ya wiki mbili sia nusu iliyobaki, ili usivune wote siku moja kisha ukae bila mboga. Mchicha huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne. Pembeni weka miche michache ya nyanya chungu na bamia. Asiye na nafasi, kama baadhi ya ndugu zetu wa Ujiji walio kwenye nyumba zilizobanana, ajaze gunia udongo na samadi, apange mawe katikati ili maji yashuke, atoboe ubavuni na kupanda.

Na maji je? Hapa nataka kusema kweli, maana sisi maofisa tunapenda kutoa ushauri ambao mzigo wake anaubeba mtu mwingine kichwani. Bustani kubwa ya kiangazi maana yake ni mama na watoto kupanda kilima na ndoo. Mimi siungi mkono hilo. Ukubwa wa bustani yako upimwe kwa maji yanayomwagwa nyumbani: ya kunawia, ya kuoshea mchele na mboga, ya kusuuzia vyombo. Tandaza majani makavu juu ya kitanda, mwagilia jioni. Ukitaka vitanda vinne, baba naye abebe ndoo.

Nije kwa kuku, na hapa niungame. Mwaka mmoja nilikuwa na kuku 22 nyumbani kwangu. Kichupa cha chanjo ya mdondo ya I-2 kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, nikasema nisubiri majirani wachange. Nikasubiri Aprili, nikasubiri Mei. Juni kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na ndani ya wiki moja wakabaki watatu. Mke wangu aliniangalia, akasema, "Bwana mifugo, na sisi tunaomba huduma." Mganga hajigangi, lakini aibu ile sijaisahau.

Mdondo hauna dawa. Una chanjo tu: tone moja kwenye jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa na kifaranga, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Changeni nyumba kumi, mteueni mmoja wa kukusanya hela, na mpange tarehe ambayo haisubiri mtu. Kichupa kikishachanganywa kitumike siku hiyo hiyo. Chanja kuku wazima. Aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Baada ya chanjo, adui wa pili ni mwewe na kunguru. Kuku wa kienyeji anaangua siku ya 21, unaona vifaranga kumi, mwezi ukiisha unahesabu watatu. Wafunike kwa tenga mchana kwa wiki nne za mwanzo, wawekee maji na pumba, na utaona tofauti. Banda liwe na sakafu iliyoinuliwa, na kuku walale humo, si mwembeni. Maganda ya muhogo usiwape mabichi, yana sumu. Yaanike yakauke kabisa. Na zungushia bustani wigo, la sivyo kuku watakula faida yako kabla yako. Samadi yao usiimwage mbichi kwenye miche, itaunguza. Irundike kwanza, igeuze, iive.

Sasa jikoni. Tuna desturi moja inayoniudhi: kuuza yai la kienyeji na kumnunulia mtoto biskuti. Tunatoa chakula na kununua utamu. Sisemi usiuze mayai. Uza, lakini weka sheria ya nyumba: mayai ya siku mbili kwa wiki ni ya watoto na mama mjamzito, na hata mgeni akija yasiguswe. Pia tuna mawese, mali ambayo mikoa mingi inaitamani. Mawese mekundu yana vitamini A nyingi, na mafuta husaidia mwili kuipokea ile iliyomo kwenye matembele na mchicha. Lakini ukiyachoma mpaka yakawa meupe, umeiua faida hiyo. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kichemke sana, bila haraka, ili sumu itoke. Dagaa wakiwa wengi na bei iko chini, nunua wa ziada, waanike juu ya kichanja, si mchangani, na uwafungie mahali pakavu. Kijiko cha dagaa waliotwangwa kwenye uji wa mtoto ni akiba nzuri kwa siku za mbalamwezi.

Wapo watakaosema, "Bwana shamba, huu ni umaskini. Tuletee miradi, kuku elfu moja, michikichi ekari kumi." Sipingi miradi. Lakini nimeona mtu akikopa kwa ajili ya kuku wa nyama mia mbili huku nyumbani kwake fungu la mchicha linakopwa dukani. Chakula cha kuku kilipopanda bei, mradi ulikufa na deni likabaki. Aliyeshindwa kutunza kuku kumi hatafundishwa na kuku elfu, atafilisiwa nao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kinachokufanya usiuze muhogo ungali shambani kwa bei ya mnunuzi.

Na wewe mfanyabiashara, usidhani nakunyang'anya wateja. Nyumba yenye bustani inanunua mbegu, chumvi, sabuni na kiberiti, na inalipa taslimu. Leta mbegu za mchicha kwa vipimo vidogo mwezi Machi. Nunua mayai kwa bei ya haki. Na tafadhali, usinunue kuku waliolegea kwa bei ya kutupa na kuwapeleka mnada mwingine. Faida ya siku moja inamaliza vijiji vitatu, halafu msimu ujao huna kuku wa kununua. Na mkulima unayeleta kuku mgeni, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake.

Yule mama wa matembele na kuku wa mwembeni, jibu langu kwake ni hili: chakula unacho, mama, ila hujakizungushia wigo wala hujakichanja. Anza na kitanda kimoja wiki hii. Mkiwa na nyumba kumi za kuchanja, nitafuteni ofisini kata, au nisimamisheni njiani. Pikipiki yangu mnaijua kwa kelele.

Kazi njema.