Hofu ya Unamuno haikuzaliwa 1898

Imezoeleka kuiona Niebla, riwaya ya Miguel de Unamuno ya mwaka 1914, kama zao la 1898, Hispania ilipopoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino. Pigo lile liliuma, sikatai. Lakini mzizi wa hofu ya kifo iliyo katika riwaya hii ni wa zamani zaidi, uko kwa washairi wa Kiromantiki. Katika shairi la mmoja wao, Espronceda, la 1840, Félix de Montemar anakutana usiku na msafara wa mazishi, anawatazama maiti, anaona uso wake mwenyewe. Miaka 74 baadaye, katika Niebla, mhusika mkuu Augusto Pérez anafunga safari hadi Salamanca, mji uleule wa Montemar, anamkabili Unamuno, na kuambiwa kwamba yeye ni mhusika wa kubuni tu, naye atakufa. Montemar alishupaza shingo. Augusto anaomba aishi, kisha anamgeukia mwandishi: nawe utakufa.