Watoto 60 wanaweza kusema ukweli wa zoni nzima



Katika nchi yetu, kampeni ya chanjo ikiisha, mara nyingi tunapewa ripoti za asilimia 100, na kuna pahali inapita hata 100. Namna gani watoto waliochanjwa wanakuwa wengi kuliko watoto waliopo?

Jibu liko mwaka 1984. Njo mara ya mwisho Kongo kuhesabu watu wake wote: walikuwa karibu milioni 30. Tangu pale tunaishi na makadirio tu. Wanachukua hesabu ya zamani, wanaongeza kidogo kila mwaka, kisha wanagawa chanjo zilizotolewa kwa hesabu ile. Lakini watu wamekimbia vita, wamefuata migodi, wamehamia kwenye kambi za uvuvi. Makadirio yakiwa madogo, asilimia inapanda, na watoto wanabaki kijijini bila chanjo.

Hii si mchezo wa hesabu. Mwaka 2017, polio ya aina ya 2, ile inayotokana na virusi vya chanjo na kuenea pale watoto wengi hawana kinga, ilionekana hapa kwetu Haut-Lomami. Watoto walipooza. Mguu uliopooza kwa polio hauponeshwi na ripoti nzuri.

Sasa, kuna njia ya kujua ukweli bila kuhesabu kila mtoto. Kisha kampeni ya polio, wachunguzi wanachagua vijiji ao mitaa 6 kwa bahati nasibu, na watoto 10 kila pahali: jumla 60. Wanaangalia alama ya wino kwenye kidole. Kwa kipimo cha kawaida, wakikosa watoto 3 ao chini ya 3, kazi inakubaliwa. Wakikosa 4 na zaidi, inakataliwa, inapaswa kurudiwa. Uchunguzi huu hautoi asilimia kamili. Unajibu swali moja: kazi imefanyika vizuri, ndiyo ao hapana?

Wengine watauliza: watoto 60 ni nini mbele ya maelfu? Muulize mama anayenunua mahindi sokoni. Hamwagi gunia lote chini. Lakini pia haangalii juu tu, kwa sababu anajua muuzaji anaweka mazuri juu. Anaingiza mkono mpaka chini, pembeni, katikati. Wingi peke yake hausaidii. Mwaka 1936, gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon atashinda urais. Roosevelt akashinda kwa mbali. Gazeti lilikuwa limewaandikia zaidi watu wenye simu na magari, na wengi hawakujibu. Waliangalia juu ya gunia.

Kwetu, juu ya gunia ni kijiji kilicho kando ya barabara ao karibu na reli. Chini ya gunia ni kambi ya wavuvi upande wa Malemba-Nkulu, pahali pa kufika kwa mtumbwi. Bahati nasibu ikichagua kambi ile, na mchunguzi akaibadilisha kwa sababu njia ni mbaya, uchunguzi umekufa pale pale. Polio haiogopi njia mbaya.

Hatusemi kwamba wanaochanja ni waongo. Wengi wanatembea siku nzima juani kwa malipo kidogo. Tunaomba kazi yao ipimwe kwa haki. Kwa hiyo tunadai:

1. Matokeo ya uchunguzi wa kila zoni ya afya yabandikwe kwenye vituo vya afya, hata kama ni mabaya.
2. Kijiji kilichochaguliwa kisibadilishwe. Wachunguzi wapewe usafiri wa kufika.
3. Serikali ihesabu watu wa nchi hii. Hata bahati nasibu inahitaji orodha nzuri ya vijiji. Kijiji kisichoandikwa hakiwezi kuchaguliwa.

Na sisi wananchi tuna kazi yetu. Mchunguzi akibisha hodi, tumfungulie, tumwambie ukweli, tusifiche mtoto. Na vijana wenzetu, kura tunazopiga kwenye vikundi vya WhatsApp tusiziite sauti ya Kamina. Ni sauti ya wenye simu na megabaiti.

Tuhesabiwe vizuri, tutibiwe vizuri.