PAA LA KIBANDA CHA SHAMBA



Mtu ajengaye kibanda cha shamba, cha kuweka majembe, mbegu na magunia machache ya mavuno, kwa kawaida huanza kufikiri habari ya mlango na kufuli, kwa kuwa amwogopa mwizi. Fikira hiyo si mbaya. Lakini maji ya masika huharibu mali nyingi vibandani, nayo hayapiti mlangoni. Kwa hiyo shauri langu ni hili: bidii yako kubwa uitie katika paa, na katika paa jambo la kwanza ni mwinamo wake.

Nizungukapo mashambani naona kosa moja mara nyingi. Mtu ameona nyumba ya mabati, paa lake limelala, naye amependezwa nalo. Arudipo kwake hana fedha ya mabati, basi huezeka kwa nyasi juu ya mwinamo ule ule. Mwaka wa kwanza paa halivuji sana. Mwaka wa pili nyasi zimekuwa nyeusi, zimeota uyoga, na maji yadondoka juu ya magunia. Ndipo asemapo kwamba nyasi ni mambo ya kale, hazifai. Mimi nasema nyasi hazina hatia. Zimewekwa juu ya mwinamo usio wao.

Tafadhali ufahamu sababu. Bati halipenyi maji hata likilala. Nyasi hazizuii maji namna hiyo, bali huyaongoza. Tone liangukalo hushika ubua mmoja, likashukia ubua wa chini yake, hata likafika upenuni. Paa likiwa kali, maji hulowesha nyasi za juu tu, na jua litokapo hukauka. Paa likilala, maji hukawia, huzama ndani, na nyasi huoza.

Kipimo chake ni chepesi. Pima upana wa kibanda, uugawe kwa 2. Hesabu upatayo ndiyo kimo cha mgongo wa paa juu ya mtambaapanya. Kibanda cha upana wa futi 8 kitakuwa na mgongo uliosimama futi 4. Kwa bati, kibanda hicho hicho chatosha mgongo wa futi 1. Waona jinsi tofauti ilivyo kubwa! Basi amua utaezeka kwa kitu gani kabla hujakata hata kombamoyo moja.

Upenu nao utokeze futi 2 nje ya ukuta, hasa ukuta ukiwa wa udongo, ili maji yaanguke mbali nao. Miti imenywe magome, kwa maana wadudu watoboao miti hupenda kukaa chini ya gome. Nyasi zikatwe wakati wa kiangazi, zikiwa zimekomaa na kukauka. Anza kuezeka upenuni ukipanda juu, na kila safu ifunike kamba za safu iliyo chini yake. Unene uwe inchi 6 hata 8, na mgongoni uongeze, kwani huko ndiko mvua ianzako kupenya.

Najua wako watakaosema kwamba bati ni bora. Sibishani nao katika yote. Bati haliungui, mwenye paa la nyasi sharti akiweke kibanda chake mbali na jiko. Tena bati hukupa maji safi: mvua ya inchi 1 juu ya paa lifunikalo futi 10 kwa 10 huleta zaidi ya lita 200, yaani pipa zima. Lakini bati lina madhara yake pia. Mchana hutia joto kali ndani. Usiku hupoa upesi, na unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka matone chini yake, yakadondokea mbegu. Joto na unyevu hupunguza nguvu ya mbegu ya kuota. Mwenye bati na aache nafasi ya upepo chini ya upenu, aizibe kwa wavu wa waya ili panya wasiingie. Na misumari aipigilie juu ya migongo ya bati, si katika mabonde yake, maana maji hupita mabondeni.

Pengine utasema, hasara ya gunia moja la mahindi si kitu. Hasara hiyo si ya gunia tu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa kwa sehemu kubwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Ni kweli kwamba paa zuri halikaushi mahindi mabichi. Ni lazima uyakauke kwanza juani. Lakini mahindi makavu yakikaa chini ya paa livujalo, kazi yote ya kuyaanika imepotea.

Kwa hiyo usingoje mvua ikuonyeshe kasoro za paa lako. Kabla ya masika, ingia kibandani wakati wa mchana, ufunge mlango, utazame juu. Pale uonapo nuru ndipo maji yatakapopita. Paezeke siku hiyo hiyo.