Anayeupima Uchaguzi Ndiye Anayeiandika Sheria

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, haukuweza kupita katika nchi za watemi bila kulipa hongo. Wakati ule neno hilo halikuwa na maana ya rushwa tuliyoizoea leo. Lilikuwa ushuru wa njia, nao ulilipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Mwenye nchi aliutazama msafara, akaihesabu mizigo na bunduki, kisha akataja bei. Msafara ukirudi mara ya pili, bei iliweza kuwa nyingine kabisa, kwa maana aliyeipanga ndiye aliyeipokea.

Hukumbuka jambo hilo kila ninaposoma habari za Mkutano Mkuu wa Mwaka wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958. Wajumbe waliokusanyika katika mji huo wa misafara walikuwa wamewekewa hongo ya namna hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kupanga masharti ya uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwang'o kilichowekwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au cheo kilichotajwa katika sheria. Na huyo aliyebahatika kuandikishwa alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Asipotimiza zote tatu, karatasi yake iliharibika.

Masharti hayo yalitokana na tathmini. Tangu mwaka 1949 wakoloni waliunda kamati na kuleta wataalamu wa kupima namna Watanganyika watakavyowakilishwa. Matokeo yake yakawa usawa wa viti kwa kila rangi: katika Baraza la mwaka 1955 Waafrika walipewa viti kumi, Waasia kumi na Wazungu kumi, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa mamilioni na wengine wote hawakufika laki mbili. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha UTP, kwa baraka za Gavana Twining, ili kuitetea hesabu hiyo. Kwa hiyo waliopima, waliotunga na waliotarajiwa kufaidika walikuwa upande mmoja.

Hebu tumfikirie mjukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani. Yeye mwenyewe alilima karanga na kurina asali, akalipa kodi kila mwaka. Siku ya kura akaambiwa kwamba hana elimu wala kipato cha kumwezesha kuwa mtu. Akina mama waliondolewa kwa wingi zaidi, ingawa wao, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, ndio waliokuwa wakiijaza mikutano ya TANU.

Na mwalimu je? Hapa pana kejeli ambayo wasomaji wangu wengi, wakiwa walimu na watumishi wa Serikali, wataielewa upesi. Mwalimu wa Tabora alipewa kura kwa sababu ya elimu yake, lakini alinyimwa chama kwa sababu ya ajira yake, maana waraka wa Serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, ilimbidi aache kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aendelee na kazi ya TANU.

Wajumbe wengi walikuja wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Uamuzi wa kushiriki, ambao historia imeuita Uamuzi wa Busara, uliigawa TANU, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuunda chama chake cha ANC. Lakini hesabu ya wakoloni ilikuwa na tundu wasiloliona. Hata miongoni mwa wale wachache walioandikishwa Waafrika walikuwa wengi, na kura tatu ziliwapa uwezo wa kumchagua pia Mwasia na Mzungu waliyemtaka. Katika uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, waliosimama au kuungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikafa.

Baada ya hapo ikaundwa kamati ya kuutazama uchaguzi huo, chini ya Sir Richard Ramage. Tathmini hiyo haikuweza tena kuandikwa bila sauti ya wananchi kusikika. Ikapendekeza kipato kishushwe hadi pauni 75, na ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aandikishwe. Kura tatu zikaondolewa. Kwa uchaguzi wa mwaka 1960 walioandikishwa walizidi laki nane, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Nchi ilikuwa ile ile, na miaka miwili tu ilikuwa imepita.

Wapo watakaosema kuwa hizo ni hila za wakoloni, zimepita. Marekani haina gavana wa kigeni. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Rais wa mwaka 2020, Maseneta wa chama cha Republican katika jimbo la Arizona waliikabidhi kampuni binafsi kura za wilaya ya Maricopa izihesabu upya. Taarifa ilipotoka Septemba 2021, Biden alikuwa ameongezewa kura 99 na Trump amepunguziwa 261. Lakini shaka iliyopandwa tangu siku ya matokeo ilikuwa imekwisha kuzaa sheria kwingineko. Machi 2021 jimbo la Georgia lilipitisha sheria iliyobana kura za posta na kukataza hata kumpa maji mpiga kura aliyesimama foleni karibu na kituo. Mtu wa Tabora ajuaye jua la Oktoba na aielewe sheria hiyo anavyoweza.

Nasi wana Chama tujikosoe, kama tulivyofundishwa. Januari 1964 iliundwa tume chini ya Ndugu Rashidi Kawawa kuhusu demokrasia ya chama kimoja. Tume hiyo haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja, kwa kuwa hilo Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekwisha kuliamua mwaka 1963. Iliulizwa namna gani. Iliifanya kazi yake kwa uaminifu, na uchaguzi wa 1965, wa Jembe na Nyumba, uliwaangusha mawaziri. Lakini swali la kwanza halikupata kuulizwa hadi Tume ya Jaji Francis Nyalali mwaka 1991. Hapo watu wanne kati ya watano walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikashauri vyama vingi na kuorodhesha sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa. Chama kilicho madarakani kikalikubali shauri la vyama vingi, na kwa maoni yangu hakijapata kufanya jambo la kiungwana zaidi. Mlango mmoja, hata hivyo, ulibaki umefungwa. Mahakama Kuu iliporuhusu mgombea binafsi mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Katiba ilirekebishwa mwaka ule ule kulizuia, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha hapa hapa kwetu, ikasema kizuizi hicho kinavunja haki.

Ninayoyaomba ni machache. Taarifa ya tathmini ya uchaguzi isiwe msingi wa muswada kabla walioshindwa hawajaisoma na kuijibu kwa maandishi. Na kwa kuwa walimu ndio wanaokaa mezani vituoni, fomu zao ziongezwe mstari mmoja: ni wangapi waliofika wakarudi bila kupiga kura, na waliambiwa nini.