Si Kila Kuhara Damu ni Ameba

Katika miji yetu, ya pwani na ya bara, mtu akishikwa na msokoto wa tumbo kisha akaona damu chooni, jirani humwambia kuwa ni ameba, muuza dawa naye husadiki, na kabla mgonjwa hajaulizwa umri wake huwa amekwisha tiwa mkononi vidonge vya metronidazoli. Dhana hiyo ina asili yake, maana kuhara damu kwa ameba na kwa bakteria ni maradhi tuliyoyazoea tangu utotoni. Lakini kwa mtu aliyepindukia miaka 60, mwenye kisukari, au shinikizo la damu, au moyo uliodhoofu, naona ni taksiri kubwa kuishika dhana hiyo peke yake, ilhali yapo maradhi mengine yasiyoletwa na kijidudu chochote, nayo ni utumbo mpana kupungukiwa na damu.

Utumbo huo hulishwa na ateri mbili zitokazo katika aorta, moja ya juu na moja ya chini, na matawi yake hukutana kwenye kona ya kushoto iliyo karibu na wengu, na tena pale utumbo unapokaribia puru. Mahali hapo pawili ni mfano wa konde lililo mwishoni mwa mifereji miwili: maji yakiwa tele hupata ya huku na ya huku, yakipungua ndilo hukauka mwanzo. Kwa hiyo si lazima mshipa uzibe; yatosha shinikizo la damu kushuka sana kwa muda, ama kwa kutapika na kuharisha, ama kwa moyo kushindwa na kazi yake, ama baada ya kupasuliwa aorta, ama kwa mzee kumeza dawa za kukojosha siku za joto kali na maji hanywi. Zimo lawamani pia dawa za mafua zenye pseudoefedrini, za maumivu za jamii ya diklofenaki, na zile zifungazo choo. Alosetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa wanawake wenye tumbo la kuharisha lisilokwisha, iliondolewa sokoni mwaka huohuo, na madhara haya yakiwa miongoni mwa sababu, ikarejeshwa mwaka 2002 kwa masharti mazito. Vijana nao hawakusalimika kabisa, kwani kokeini hubana mishipa, na wakimbiaji wa marathoni wamepatwa.

Maumivu huja ghafla, aghalabu upande wa kushoto, pamoja na haja isiyongoja, na damu hufuata ndani ya siku moja, aghalabu si nyingi.

Mwaka 1966 tabibu Mwingereza Adrian Marston na wenzake waliyapa maradhi haya jina lake la kitabibu, wakayagawa mafungu matatu: yapitayo, yaachayo kovu linalobana njia, na yauayo nyama ya utumbo. Fungu la kwanza ndilo kubwa, na hapo ndipo ulipo mtego, maana mgonjwa huyo angepona kwa siku chache hata kwa kupumzisha tumbo na kutiwa maji ya mshipani tu. Akiwa amemeza vidonge vya ameba, sifa zote huenda kwa vidonge, na kosa halisahihishwi kamwe. (Hospitalini yamkini atapewa metronidazoli hiyohiyo, lakini kwa kuzuia bakteria wasipenye ukuta wa utumbo uliojeruhiwa, tena chini ya macho ya daktari.) Anayeachwa nyumbani ni yule ambaye tumbo lake laendelea kukaza, homa ikapanda na shinikizo likashuka, naye alihitaji kisu cha mpasuaji tangu jana, au yule mwenye maumivu ya upande wa kulia, ambayo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa ateri ya juu ikiziba utumbo mwembamba nao huwa hatarini.

Muuza dawa hana mashine ya kupiga picha za tumbo wala mpira wa kamera, wala hatumtaki awe navyo. Tunachomtaka ni aulize umri na dawa anazotumia mgonjwa, ashike mapigo ya mkono asikie kama yaenda kwa utaratibu, asimuuzie mzee huyo diklofenaki wala dawa ya kuzuia kuhara, na ampeleke hospitali siku hiyohiyo.