Nyoka Hakuomba Tamasha

Mzee mmoja ninayemheshimu alitutangazia barazani hapa Buyenzi, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba nyoka anayefugwa asipopewa mnyama hai hufa kwa huzuni. Si kwa njaa, kwa huzuni! Akaongeza kuwa Jumapili atawachukua wajukuu zake wakatazame simbilisi akitupiwa chatu, “wajifunze maumbile.” Watu wakatikisa vichwa kana kwamba wamesikia fatwa. Mimi nikanyamaza kwa sababu ya umri wake. Lakini gazeti halina baraza wala kahawa, kwa hiyo leo nasema: Mzee wangu, heshima yako iko palepale, ila ulichotuambia ni upuuzi mtupu.

Upuuzi huu una mizizi mirefu Bujumbura. Tangu mwaka 1977 mji wetu una Musée Vivant, kule Barabara ya 13 Oktoba, karibu na ziwa, penye mamba, nyoka na mfano wa nyumba ya kale ya Kirundi. Kwa miaka mingi vitabu vya watalii vimewasimulia wageni habari ileile: ukiongeza fedha kidogo juu ya kiingilio, unaweza kununua simbilisi ukamtazama akiliwa. Mgeni anaandika kwa mshangao, sisi tunasoma kwa fahari, na watoto wetu wanakua wakiamini kwamba hivyo ndivyo wanyama hao wanavyolishwa dunia nzima. Watunzaji siwalaumu. Wanauza tunachonunua.

Tuanze na nyoka mwenyewe, maana hakuna aliyemuuliza. Chatu humkaba mnyama mpaka moyo usimame, ndipo humeza. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima moyo na msukumo wa damu wa panya waliokabwa na boa, wakaona kwamba damu huacha kuzunguka ndani ya sekunde chache tu, wala haingoji pumzi ikatike. Kifutu ndiye kabisa. Anauma, anaachia, panya anakwenda kufia huko mbele, kisha kifutu anafuata njia yake taratibu, ulimi nje, mpaka anamkuta ameshakauka. Anakula maiti, porini, kwa hiari yake, na sijasikia kifutu aliyepata huzuni.

Nyoka wa namna hii hutambua chakula kwa harufu, inayobebwa na ulimi hadi kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Chatu ana zaidi: vishimo midomoni vinavyohisi joto. Panya aliyeuawa sasa hivi anavyo vyote viwili, harufu na joto. Aliyetoka kwenye friza huyeyushwa, akapashwa kwa maji ya moto, akashikwa kwa koleo refu na kutikiswa kidogo mbele ya nyoka. Wengi hula papo hapo, na mkaidi huzoezwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ningeliandika kwa chokaa kwenye kila ukuta wa Buyenzi na Bwiza: panya hai ni chakula kinachong’ata. Porini chatu akikosa shabaha, panya hukimbia na kila mmoja akashika njia yake. Sandukuni hakuna pa kukimbilia. Na nyoka hali kila siku; chatu mkubwa hukaa wiki kadhaa, hata miezi, kati ya mlo na mlo. Akikaribia kujivua gamba, macho yakaingia ukungu, chakula hataki hata kukiona. Mtupie panya siku hiyo, halafu wewe nenda zako ukalale. Usiku panya ataona njaa, na ndani ya sanduku lile chakula ni kimoja tu: nyoka.

Nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na chatu mchanga kwenye kasha la mbao. Jioni akamtilia panya wa mtaroni, akaenda kutazama mpira. Asubuhi panya alikuwa amekaa pembeni anajisafisha masharubu, na mgongo wa chatu umetafunwa mpaka mfupa unaonekana. Chatu hakupona. Yule panya, kwa taarifa yenu, alitoka mzima. Huo ndio uwindaji mnaousifu? Na bado sijataja kwamba panya wa mtaroni huenda amekula sumu tuliyomtegea sisi wenyewe jikoni. Chakula kinachong’ata, tena chenye sumu, halafu tunamwambia nyoka ashukuru.

Majibu yenu nayajua. La kwanza ndilo nilipendalo kwa ujinga wake: nyoka akizoea vilivyokufa atachoka, atakosa msisimko. Ndugu yangu, wewe ukiagiza mukeke pale ufukweni unaletewa wa kukaangwa, na ndizi na pilipili pembeni, na sijawahi kukusikia ukimwita mhudumu kulalamika kwamba samaki hakupigana. Msisimko unaousema ni wako. Usimsingizie nyoka.

La pili: friza hatuna, na aliye nayo hana umeme. Hilo la umeme nalikubali. Makala hii naiandika kwa mwanga wa simu, na simu yenyewe nimeichaji kwa jirani. Lakini nani kawaambia friza ni sharti? Kinachotakiwa ni mkono uliofunzwa na pigo moja la haraka kabla mnyama hajaingizwa kwa nyoka. Kuku tunachinja kila siku, na hatungoji umeme urudi.

Wapo nyoka wachache wagumu kweli, hasa waliotoka porini juzi. Hao mtunzaji awalishe mwenyewe, faraghani: mnyama asizidi unene wa mwili wa nyoka, mtunzaji asimwache peke yake hata dakika moja, na nyoka asipoonyesha hamu, mnyama aondolewe. Uswisi wameliandika katika kanuni: mnyama hai ni hasa kwa yule asiyeweza kuzoezwa chakula kilichokufa, au anayeandaliwa kurudishwa porini. Hakuna kifungu kinachotaja wajukuu.

Tatizo letu ni kwamba uhai wa chambo unatulewesha sisi, si mnyama. Kumbukeni Gustave, mamba wa Rusizi, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Faye na wenzake walimjengea mtego wa chuma wa karibu mita 9, wakamjaribu kwa vyambo vya kila namna, mwisho wakamtia mbuzi hai. Ukaja usiku wa dhoruba, kamera ikazimika, na asubuhi wakakuta mtego umezama nusu, mbuzi hayupo, Gustave hayupo. Filamu ya msako huo ikatoka mwaka 2004, dunia ikampigia makofi mamba. Mbuzi hana hata jina. Na bado mtu ananiambia windo likiwa hai ndipo mambo yanakwenda sawa!

Turudi kwako, mzee wangu, unayesali safu ya mbele. Umetufundisha wewe mwenyewe, sisi tukiwa watoto madrasa, kwamba Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Umetusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia. Dini iliyotuagiza tunoe kisu, tena tumfichie mnyama makali yake, haiwezi kuwa ndiyo iliyotukatia tiketi ya kutazama simbilisi akitetemeka kwenye kona ya kioo huku watoto wanarekodi kwa simu. Wajukuu watajifunza nini pale? Kwamba anayelipa ana haki ya kuona mwingine akiogopa. Somo hilo nchi hii haina upungufu nalo.

Nyoka anaweza kuvuta watu bila kiumbe kuuawa mbele yake. Kule Usukumani, Wayeye wamecheza ngoma na chatu mabegani kwa vizazi, na umati unajaa kumwona chatu na mchezaji wake, wala hauji kutazama panya akifa. Isitoshe, Wayeye ni watu wa dawa za kuumwa na nyoka. Meserani, karibu na Arusha, kuna bustani ya nyoka yenye zahanati inayotibu walioumwa. Sisi je? Wakulima wa mpunga wa Imbo wanaingia shambani miguu mitupu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Dawa ya FAV-Afrique, iliyotegemewa sana barani, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake 2016. Yote hayo hayakuzungumzwa barazani hata kwa nusu kikombe. Kilichozungumzwa ni huzuni ya chatu.

Kwa hiyo natoa shauri, bure. Popote nyoka wanapoonyeshwa mjini hapa, simbilisi asiuzwe mlangoni. Kiingilio kiongezwe kidogo, nyoka walishwe faraghani kwa wanyama waliokwisha kuuawa vizuri, na faranga zitakazozidi zianze kununulia dawa ya sumu. Na wewe, mzee wangu, kama kweli unataka wajukuu wajue maumbile, wanunulie simbilisi dume na jike. Ndugu zetu wa Kivu Kusini huwafuga jikoni, wakiwalisha maganda na majani, na mimba ya simbilisi ni miezi miwili na siku chache. Kabla mwaka haujaisha watoto watakuwa wameona kuzaliwa, kunyonyesha na kukua, na nyama itakuwa sufuriani. Siku ya kuchinja, noa kisu, waite wajukuu, uwaonyeshe inavyofanywa kwa huruma. Chatu mwachieni mtunzaji wake. Hajawahi kulalamika kwamba ukumbi ulikuwa mtupu.