Naamani angesemaje kuhusu Mto Kanoni?

Masomo: 2 Wafalme 5:1-14, Zaburi 98:7-9



Naamani, jemadari wa Shamu, alikasirika alipoambiwa akaoge Yordani. Kwao Dameski kulikuwa na Abana na Farpari, mito ya kujivunia. Yordani ulikuwa nini kwake? Kila nivukapo daraja la Kanoni hapa Bukoba namkumbuka mtu huyu, maana sisi nasi tuna mto tulioudharau. Mgeni akija tunampeleka ufukweni akapige picha Ziwa Victoria. Hakuna anayempeleka Kanoni. Mto unapita katikati ya mji wetu na kuishia humo humo ziwani, tunamovua na tunamopata maji ya bomba, lakini kwetu ni mtaro tu: chupa za soda, nepi za watoto, matambara.

Nami sijitoi. Jioni moja, nikitoka mazoezi ya kwaya, nilitupa chupa tupu darajani bila hata kufikiri. Mtoto mmoja wa Sunday school alikuwa nyuma yangu. "Mwalimu, na wewe?" Sikuwa na jibu.

Mvua kubwa za Mei 2024 zilipoujaza Kanoni, maji yaliingia majumbani. Wapo waliosema ni adhabu ya Mungu. Mimi siamini hivyo, kwa sababu walioamka magodoro yakielea ni wakazi wa mabondeni, na taka hutupwa na watu wa kila mahali, hata sisi tunaokaa mlimani na kushuka mjini kwa gari.

Amri hatujakosa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashika fagio, wengine kwa moyo, wengine kwa kuogopa faini. Jumatatu mto uko vile vile. Tunaufagia kama mtu afagiaye uwanja wa jirani.

Ndiyo maana nasema tuanze na sherehe. Dunia ina Siku ya Mito tangu mwaka 2005, na huangukia Jumapili ya nne ya Septemba. Jumapili, ndugu zangu! Tena ni katikati ya Majira ya Uumbaji, ambayo makanisa mengi huyaadhimisha kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba. Kwa nini siku hiyo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wa Bukoba wasishuke pamoja Kanoni? Kwaya ziimbe, wazee wapige enanga, vijana waigize hadithi ya Naamani, watoto wachore mto walivyouona na wanavyoutaka, kisha michoro itundikwe darajani ili kila mpita njia aione.

Najua swali litakalokuja, kwa sababu nimeshaulizwa na mzee wa kanisa ninayemheshimu: "Mwalimu, huko si kumrudia Mugasha?" Swali si la kuchekwa. Babu zetu walimhesabu Mugasha kuwa bwana wa ziwa na dhoruba, na walimtolea sadaka. Injili ilituondolea woga huo, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini haikutupa ruhusa ya kuyageuza maji kuwa jalala. Soma Zaburi ya 98: mito haiabudiwi pale, mito yenyewe inapiga makofi mbele za Bwana. Tunachofanya ni kuungana nayo kwenye ibada. Sijui Kanoni ungepigaje makofi ukiwa umekabwa na nepi.

Wala si jambo geni kwa Wakristo. Waorthodoksi hubariki maji kila mwaka wakikumbuka ubatizo wa Bwana. Ethiopia wanaiita Timkat: mapadri na waumini huandamana hadi kwenye maji kwa ngoma na nyimbo, wamevaa meupe, na mwaka 2019 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtu aliyelishwa wimbo ukingoni mwa mto tangu utotoni ataona taabu kutupa chupa pale pale alipoimba.

Wiki iliyopita nililipeleka wazo hili kwenye kikao cha kwaya yetu. Kimya kikatanda. Kisha bibi mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye huwa hasemi vikaoni, akauliza, "Mwanangu, jenereta la vipaza sauti nani atalitilia mafuta?"

Nikamjibu kwamba enanga haihitaji mafuta.

"Basi," akasema, "tupange siku ya mazoezi. Na uje na gunia. Chupa yako ile bado iko chini ya daraja."